Aliyezikwa kwa Yago

Sehemu ya Sita

Ulimwacha Rael mteremkoni, msomaji, kati ya Rongo na Rodi Kopany, mikono yote miwili imekaza usukani wa skuta, na kioo cha pembeni kikimwonyesha mtu ambaye yeye mwenyewe alimlilia matanga. Hajasogea. Yuko pale pale, na honi ndiyo hiyo inalia.

Mbili fupi. Moja ndefu.

Rael hakuhitaji kugeuka. Ni mtu mmoja tu aliyepiga honi hivyo, na alikuwa akiipiga kila jioni akifika langoni ili mkewe ajue kuteleka maji ya ugali. Mtu huyo aliitwa Joash. Alikuwa mume wa Rael. Alizama ziwani mwaka ule wa mvua za Elnino.

Skuta ikayumba. Tairi la mbele likaacha lami, likaingia kwenye changarawe, na Rael akajikuta amekaa kwenye majani, helmeti imemziba macho, gurudumu likizunguka hewani.

Pikipiki ikampita. Vuuu!

Aliisukuma helmeti juu kwa haraka, lakini alichoona ni mgongo tu. Mgongo wa koti la kahawia, lenye kiraka cheusi begani.

Kiraka hicho alikishona yeye.

Ryoba alirudi mbio kutoka kwenye kona. Alikuwa fundi wa pikipiki pale Migori, Mkurya mrefu mwenye kucheka upesi, na hii ilikuwa siku yao. Walitoka asubuhi, yeye juu ya Yamaha yake, mchumba wake juu ya skuta ya kijani, waone ziwa, wale samaki Homa Bay, kisha wafike Kendu Bay jua likiwa bado juu.

"Umeumia?"

"Amenipita."

"Nani?"

"Joash."

Ryoba akatazama barabara juu, akaitazama chini. "Rael, mimi nilikuwa nimesimama hapo kwenye kona nakungoja. Hakuna pikipiki iliyonipita. Hata baiskeli."

"Amepiga honi yake."

"Sasa mtu aliyezikwa ananunua petroli wapi?"

Siku nyingine Rael angecheka. Leo meno yalikuwa yakigongana.

"Amevaa lile koti la kahawia," akasema kwa sauti yake ndogo, ile ambayo sokoni huwafanya wateja wamwombe arudie bei. "Ryoba, koti lile nililiviringishia yago kwa mikono hii."

Kicheko kikapotea usoni mwa Ryoba.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa na hadithi hii, sikiliza upesi tuendelee. Boti ya Joash ilipopinduka, gugu maji lilijifunga juu ya watu kama blanketi. Wengine waliibuka. Joash hakuibuka. Na Wajaluo hawamwachi mtu wao bila kaburi. Mwili ukikosekana, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile tunda refu, zito kama mtoto aliyelala. Joash alizikwa hivyo kando ya nyumba yake, Kendu Bay: yago ndani ya koti lake. Watu wakalia, wakala, wakaenda zao. Koti likabaki chini ya udongo.

Na sasa koti lilikuwa barabarani.

Pale kando palikuwa na njia ya matrekta ya miwa. Ryoba aliingia kidogo, akainama, akaokota kitu. Rael alimwona akikigeuza mkononi, halafu akikitia mfukoni.

"Nini hiyo?"

"Takataka tu. Inua skuta, twende."

Lakini uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeokota takataka.

* * *

Pale Rodi Kopany, karibu na pampu ya petroli, palikuwa na mama mmoja Mluhya aliyeitwa Metrine. Aliuza chai na mandazi, na maneno aliyagawa bure.

"Karibuni, wapendanao! Hii ni harusi ama ni mashindano?"

"Ni matembezi tu, mama," Ryoba akajibu. "Chai mbili."

"Ya kwenu imeshalipwa."

Ryoba aliusimamisha mkono uliokuwa ukitafuta pesa. "Imelipwa na nani?"

"Mwenzenu, yule wa pikipiki nyekundu. Ametokea huko nyuma kwenye miwa, akanywa chai amesimama, na helmeti yake kichwani kama askari. Akasema mnakuja wawili, mmoja ana skuta ya kijani."

Rael alishika ukingo wa meza. "Amevaa koti la kahawia?"

"Koti, na jua hili? Shati, dadangu. Shati la buluu, tena limelowa jasho mpaka nikamwonea huruma."

"Si koti? Una hakika?"

"Mimi macho yangu ni mazima. Na ameacha neno." Metrine akafikicha paji la uso, akilitafuta. "Amesema, mwulizeni wa skuta, mbona hakusema mtoni? Amesema yeye alikuwa anasikiliza."

Kikombe cha Rael kikamwaga chai mezani.

"Mto gani?" Ryoba akauliza. "Kusema nini? Rael, mbona umekuwa kama majivu?"

Rael hakupenda kusema mbele za watu. Alingoja Metrine aende kuchochea moto.

"Mama mkwe aliniagiza," akaanza. "Skuta hii ilikuwa ya Joash. Ukirudisha kitu cha marehemu kwao, unampeleka na yeye mwenyewe. Kila mto na kila njia panda unasimama, unamwambia: Joash, tunavuka, tufuatane. Usipomwambia anapotea."

"Na Mto Kuja tulivuka asubuhi."

"Tulivuka."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unaniangalia."

"Basi?"

"Niliona haya, Ryoba! Nianze kuongea na mume wangu mbele yako, na wewe umenipambia skuta maua?"

Ryoba alitazama maua aliyofunga kwenye usukani alfajiri. Mengi yalikuwa yameanguka mteremkoni.

Kwa hiyo unaona, safari hii haikuwa matembezi tupu. Mama mkwe alikuwa ametoa neno mbele ya ukoo. Rael alete skuta, asimame langoni, aseme, "Joash, tumefika, pumzika," kisha atoe ufunguo. Akishasema hivyo, Obare, mdogo wake Joash, ambaye tangu matanga alikuwa akihesabu kumrithi mjane huyu, atakaa mbali. Na Ryoba ataruhusiwa kuleta ng'ombe kwa wazazi wa Rael. Lakini akikosea neno, au asipolisema, atabaki mjane wa boma lile, na Obare tayari alikuwa amenunua kitanda.

"Mito iliyobaki utasema," Ryoba akasema mwishowe. "Hata kwa kelele. Mimi nitaziba masikio."

* * *

Homa Bay waliagiza ngege wa kukaanga, mzima, na ugali mmoja wa kula pamoja. Mlima Asego ulisimama nyuma yao. Mbele yao ziwa lilikuwa kijani mahali palipopaswa kuwa maji. Gugu lilikuwa limefunga ghuba yote, na ndege walitembea juu yake kama kuku uani.

Rael hakuweza kulitazama.

"Toa mfukoni," akasema.

"Kutoa nini?"

"Ulichookota kwenye miwa. Tangu Rodi unakishikashika. Unadhani mimi ni kipofu?"

Ryoba alitafuna samaki wake mpaka akaisha mdomoni. Kisha akaweka mezani kipande cha raba nyeusi, kimekatwa mfano wa kanyagio la pikipiki.

"Hii nimeikata mimi mwenyewe kutoka tairi la lori. Ona hapa kisu kiliteleza. Hata damu yangu ilibaki."

"Ni ya pikipiki gani?"

"Suzuki nyekundu. Ya shemeji yangu."

"Shemeji gani?"

"Werema. Mume wa dada yangu Robi, kule Isebania. Mtu mpole, maneno hana. Alitokea upande wa Shirati, akafanya kibarua kwetu, mzee akampenda, Robi naye akampenda. Sasa wana mtoto." Ryoba akaanza kucheka polepole, kama mtu anayejaribu kama kicheko bado kinafanya kazi. "Sikutaka kukuambia nikuaibishe. Robi ndiye amemtuma! Dada yangu huyo, haki ya Mungu, amesikia naoa Mjaluo, anataka kujua kama unajua kusonga ugali."

"Anipeleleze kwa kunitupa mtaroni?"

"Nikimpata nitamnyonga. Lakini ni mtu, Rael. Si pepo. Pepo hapotezi raba."

Rael akaishika ile raba. Ilikuwa na vumbi, ilikuwa na uzito. Kitu cha duniani kabisa. Kicheko kikamtoka bila kutaka, na Ryoba akacheka zaidi, na mwenye hoteli akachungulia kuona kuna nini.

"Na maneno ya mtoni?"

"Shirati kumejaa Wajaluo. Anajua mambo yenu."

"Na honi?"

"Honi ni honi."

"Na koti?"

Ryoba alichukua kichwa cha samaki, akamwekea upande wake wa sinia. "Jua, Rael. Jua na woga. Kula kichwa, upate akili."

Akala. Alitaka sana kuamini, na mtu anayetaka sana huwa haulizi maswali mengi. Swali moja tu lingemfaa: Werema alifika Isebania mwaka gani?

Wewe umeshauliza. Rael hakuuliza.

* * *

Kuanzia Homa Bay lami iliisha, vumbi likaanza. Kwenye kila mto Rael alisimamisha skuta na kusema maneno yake, na Ryoba, kwa uaminifu, aliziba masikio kwa vidole, helmeti juu ya goti. Watu waliokuwa wakifua nguo mtoni walidhani wana wazimu.

"Joash, tunavuka. Tufuatane."

Mara ya kwanza sauti ilikwama. Mara ya pili ilitoka. Mara ya tatu aligundua kwamba machozi yanamtoka, na kwamba hayakuwa machozi ya woga.

Karibu na Kendu Bay walikata kushoto kuona Simbi, lile ziwa dogo la duara ambalo halina mto wa kuingia wala wa kutoka. Ndege heroe walisimama pembeni kama nguo za waridi zilizoanikwa. Maji yalikuwa kijani kizito, hayana wimbi.

"Ni kweli hapa palikuwa kijiji?" Ryoba akauliza.

"Ndivyo tunavyoambiwa. Bikizee alikuja na mvua, akabisha mlango wa watu waliokuwa kwenye sherehe, wakamfukuza. Maji yakawafunika wote."

"Kwa kumfukuza tu?"

"Kwa kumfukuza mlangoni."

Ryoba alikwenda kutafuta jiwe la kurusha. Rael akabaki peke yake ukingoni. Hewa ilinuka magadi. Heroe wakanyamaza wote pamoja.

Ng'ambo ya maji alisimama mtu.

Hakuwa na pikipiki. Alikuwa amevaa koti la kahawia, na koti lilikuwa zito, linaning'inia vibaya, kama nguo iliyotolewa majini au ardhini. Uso haukuonekana kwa jua. Lakini namna alivyosimama, bega moja chini! Rael alilala kando ya bega hilo.

Safari hii hakupiga kelele.

"Joash," akasema, na maji yakaibeba sauti yake ndogo mpaka ng'ambo. "Tumefika Simbi. Tufuatane."

Yule mtu akainamisha kichwa.

Na wakati huo huo, nyuma ya Rael, juu barabarani, injini ikaunguruma. Akageuka. Pikipiki nyekundu. Helmeti nyeusi. Shati la buluu.

Ryoba naye aliiona. "Werema!" akapaza sauti, akarusha jiwe lake kwa mzaha. "Wewe! Ngoja nikukamate!"

Pikipiki ikageuza, ikaenda zake kuelekea Kendu Bay, ikiacha ukuta wa vumbi.

Rael akageukia maji haraka. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Heroe walikuwa wameanza kelele tena.

Kama Werema alikuwa nyuma yao, yule wa mbele alikuwa nani?

"Unaona?" Ryoba alikuwa akisema, akipangusa mikono, furaha tele. "Sikukuambia? Ni mtu!"

* * *

Boma lilikuwa na ua wa minyaa na lango pana la magogo mawili. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani, kitambaa cheupe kichwani, kile alichovaa Sabato. Obare alikuwa ameegemea gogo la kulia, anatafuna kijiti.

"Umechelewa, shemeji," Obare akasema. "Tulidhani skuta imekupeleka Kisumu kwenye dansi. Na huyu fundi wako, hata kuoga hakuoga?"

"Nimeoga kukushinda," Ryoba akajibu. "Vumbi ni la barabara yenu."

"Nyamazeni." Mama mkwe hakuinua sauti. Alimtazama Rael tu, kwa macho yaliyochoka, akamwita kwa jina la ukoo wao. "Nyar Kanyamwa, binti yangu. Umemleta?"

"Nimemleta, mama."

"Mitoni ulisema?"

"Mmoja sikusema. Kuja."

Obare akatema kijiti. "Amemwacha Kuja! Mama, unasikia? Basi kazi imeharibika, arudi ndani tuanze—"

Honi ikamkata kauli.

Mbili fupi. Moja ndefu.

Mbwa mzee wa boma, aliyekuwa amelala chini ya ghala, akainuka. Alikuwa hajainuka kwa mgeni yeyote siku nyingi. Akaja akitikisa mkia, akapita katikati ya miguu ya mama mkwe, akatoka langoni.

Pikipiki nyekundu ilisimama nyuma ya skuta. Kanyagio la kushoto halikuwa na raba. Mwenye pikipiki akashuka, akavua helmeti, na mbwa akamrukia.

"Joash," akasema Rael.

"Werema," akasema Ryoba.

Walisema pamoja. Kisha wakatazamana, na nakuambia, msomaji, hakuna aliyekuwa tayari kwa alichokiona usoni mwa mwenzake.

Mama mkwe alishika kitambaa chake kwa mikono miwili. Hakukimbia kumkumbatia. "Wewe ni mtu?" akauliza. "Au ni kivuli?"

"Sijui, mama," akajibu yule mwanamume. Alikuwa amekonda. Alikuwa hai kabisa, jasho linamtiririka, na alilia bila kujificha. "Mimi mwenyewe sijui."

"Sema ulikokuwa!"

"Gugu lilinibeba. Wavuvi wa ng'ambo waliniokota, nikaugua sana. Nilipopata nguvu nikarudi, mama. Nilifika hapo kwenye mti wa njia panda. Mzee mmoja wa ukoo akaniona, akapiga kelele, akanitupia mchanga. Akaniambia nimeshazikwa. Akasema aliyezikwa akipita langoni kwa miguu yake, amekuja kuchukua mtu, na wa kwanza ni aliyemzaa." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Ningekuchukuaje wewe? Nikageuka. Nikaenda mbali, nikajipa jina jingine."

"Na dada yangu?" Ryoba alikuwa amesogea, ngumi zimekunjwa. "Dada yangu Robi ni nani kwako? Mchezo?"

"Ni mke wangu."

"Na Rael?"

"Ni mke wangu."

Obare akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, fundi! Wewe unayejua kufungua kila nati, fungua hii. Dada yako na huyu ni wake wenza. Mke mwenza wa dada yako ni nani kwako? Huko Ukuryani mnamwitaje?"

Ryoba akatazama maua yaliyobaki kwenye usukani.

"Kwetu ni dada yako!" Obare akamalizia. "Umembeba dada yako kutoka Migori na maua juu!"

Rael alimwona Ryoba akirudi nyuma hatua moja. Moja tu, ndogo. Lakini asubuhi ile ile, hatua hiyo isingekuwepo.

"Kwa nini umekuja leo?" Rael akamwuliza Joash.

"Nilisikia kwa Robi kwamba kaka yake anakwenda Kendu Bay na mjane, kurudisha skuta. Nikajua ni wewe. Nikajua unakwenda kunimaliza." Akamkaribia. "Rael, tangu mzike lile tunda, chakula hakina ladha. Robi anapika vizuri, mimi nakula udongo. Nikilala nasikia jembe juu yangu. Nilikufuata nikitaka kukusimamisha, kila mara nikakosa uso. Kuja nilizima injini, nikasikiliza kama utaniita. Hukuniita. Nikajua hunitaki. Halafu kwenye mito mingine ukaniita, ukilia. Usiseme neno lile. Sema niingie. Wewe ndiwe uliyenileta, mdomo wako ndio utakaonifungulia."

"Sema 'pumzika,'" Ryoba akasema haraka, kwa sauti ya chini. "Rael, neno moja tu. Ukisema, Joash amekufa, umekuwa huru, na wewe si mke mwenza wa mtu. Werema atarudi kwa Robi na mtoto wake. Mimi na wewe tutaenda nyumbani."

"Akisema hivyo sitaiona nyumba ya mama mpaka kufa."

"Umeshakufa, bwana!"

"Nyar Kanyamwa." Mama mkwe alikuwa amefumba macho. "Mimi siwezi kusema. Nikisema aingie, nimevunja kaburi. Nikisema apumzike, nimemzika mara ya pili, na sasa ananitazama. Sema wewe. Mdomo ni wako."

Wote wakamtazama. Obare, Ryoba, mama mkwe, Joash, hata mbwa.

Rael ambaye wateja humwambia arudie. Rael ambaye asubuhi hakuweza kuita jina moja juu ya daraja.

Alisukuma skuta mpaka gurudumu la mbele likagusa mstari wa lango, katikati kabisa ya magogo mawili. Akatoa ufunguo. Akageuka, akauweka kwenye kiganja cha Joash, akamfunga vidole.

"Joash, tumefika," akasema, na hakuna aliyehitaji arudie. "Hapo ndipo maneno yangu yanapoishia. Nilikuja kumsemea maiti. Mtu aliye hai anajisemea. Kama ni kuingia, ingia kwa mdomo wako. Kama ni kupumzika, mwambie mama yako mwenyewe, na umwambie na Robi. Wanaume wote mnaning'inia kwenye ulimi wangu! Mimi nimeubeba kutoka Migori, nimechoka."



Joash alitazama ufunguo. Kisha akapanda skuta yake ya zamani. Mkono ukatafuta honi bila macho kutazama, namna mkono unavyotafuta kitasa cha mlango wa kwao.

"Ngoja," Rael akasema ghafla. Kitu kilikuwa kimempita moyoni, baridi, kama maji ya Simbi. "Koti umeliacha wapi?"

"Koti gani?"

"La kahawia. Lenye kiraka. Ulilokuwa umevaa mteremkoni uliponipita."

Joash akamtazama kama asiyeelewa. "Mimi sikukupita popote. Nilikuwa ndani ya miwa, nimejificha, nikakuona ukianguka. Hata nilitaka kutoka nikuinue, akarudi Ryoba." Akatikisa kichwa. "Na koti lile nililiacha hapa nyumbani siku ile ya boti. Sijaliona tena."

"Tulilizika," mama mkwe akanong'ona.

"Na honi? Honi ya mteremkoni nani alipiga?"

"Nilidhani ni wewe," Joash akasema. "Nilidhani wewe ndiye unayenipigia."

Joash aliondoa mkono kwenye honi taratibu, kama mtu anayeondoa mkono juu ya nyoka. Akauinua hewani. Akainua na wa pili, wote wauone.

Mbwa akageuza kichwa. Hakumtazama Joash tena. Alitazama ndani ya boma, kando ya ile nyumba ya Joash iliyofungwa, upande wa kaburi. Akaanza kutikisa mkia.

Ndipo honi ikalia kutoka huko.

Mbili fupi. Moja ndefu.